Uzi: Mama zetu bado wanafunga mwani kwenye vijiti, ile sayansi ya kina kirefu imeishia wapi?

#1 BintiWaJambiani
Salaam wana jukwaa. Mie mama yangu anakwenda mwani toka sijazaliwa. Viatu vya skuli vya mwani, sare za mwani, mpaka ada ya chuo kipande kikubwa ni mwani. Majuzi nimerudi nyumbani likizo ikaangukia bamvua (zile siku maji yanakupwa na kujaa kuliko kawaida) nikasema ngoja niende nae pwani nikamsaidie. Jamani. Saa tano asubuhi maji yamekupwa, jua la kuchoma ngozi, mama kainama anafunga mbegu moja moja kwa taitai (vile vikamba vidogo) kwenye kamba, kamba imekazwa kwenye mambo mawili (vijiti hivyo, msije mkanijibu "poa"), akimaliza hii anahamia nyingine, na ndo vilevile alivyokuwa akifunga mie nikiwa mgongoni kwake. Kilichobadilika ni huo mgongo tu, sasa akitaka kuinuka anashika goti kwanza.

Na anacholima ni spinosamu, aina ya mwani ya bei ya chini. Kotonii yenye bei aliacha miaka mingi, anasema "imekataa".

Sasa chuoni nimekuja kujua kumbe dawa ipo. Kuna nyavu za mirija, unapeleka mwani kina kirefu kwenye maji ya baridi kotonii inastawi, na aliyehangaika nazo ni mwanamke, Dkt. Flower Msuya aliyekuwa Taasisi ya Sayansi za Bahari, hapahapa Unguja, sio utafiti wa kuletwa kwa ndege. Mama kumuuliza anasema anazijua, kaziona. Basi!

Mie nadai sababu ni moja: hawajui kuogelea. Wafundishwe kuogelea, mambo yaishe. Nipingeni.

#2 ChapatiMbili
Mi wa Dodoma naomba niulize kabla hamjaanza kugombana. Mwani ndo nini na unaliwaje?

#3 Mpemba Halisi
Mkuu #2 ni majani ya baharini, na umeshaula sana. Dawa ya meno, aiskrimu, maziwa ya pakiti, soseji. Geuza paketi usome kama kuna E407, hiyo ndo karajinani, ya kugandishia, inatokana na mwani. Mwani wa mama yake BintiWaJambiani umeshapita kinywani mwako kabla hujazijua hizo chapati.

#4 ChapatiMbili
Kwa hiyo nimekula bahari nikiwa Dodoma. Asante, endeleeni.

#5 Mzee wa Bamvua
Binti umeanza vizuri lakini umeruka kipande. Watu wanahesabu 1989 kwa sababu ndo kilimo cha biashara kilianza Paje na Jambiani, mbegu zikatoka Ufilipino. Lakini kabla ya hapo mwani ulikuwa unaokotwa tu ufukweni unaanikwa unauzwa nje, wazee wetu wameufanya huo. Na miaka ya sabini Profesa Keto Mshigeni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alishazunguka sana na hii habari ya mwani na kulima. Kwa hiyo sayansi ilitangulia, biashara ikafuata nyuma.

La pili. Mnasema "zao la wanawake" kama vile lilizaliwa hivyo. Mie mwenyewe nimefunga mwani 1990 na mke wangu na shemeji zangu wawili, wanaume tulikuwepo. Bei ilipokuwa haieleweki na watalii wakaanza kumiminika, sisi tukakimbilia hotelini na kwenye uvuvi. Wanawake wakabaki, maana kazi yenyewe iko karibu na nyumba, maji yakijaa unarudi kupika. Wala hawakuchaguliwa na mtu, ndo waliobakia.

#6 Mpemba Halisi
Mzee #5 sema huko kwenu Unguja. Pemba ndiko unakotoka mwani mwingi wa Zanzibar na huku wanaume wanalima na wake zao mpaka leo. Hoteli zenyewe ziko wapi huku za kukimbilia? Na mie napinga habari ya kuogelea. Wangapi wanalima kina kifupi na wanajua kuogelea vizuri tu? Tatizo ni BEI. Mtu akiuza kilo moja kavu kwa pesa ya kununulia andazi na chai atahangaika na nyavu za nini? Lipa vizuri uone kama hawatakwenda na mtumbwi wa kuazima.

#7 Mtafiti Mbishi
Naomba niweke sawa upande wa kitaalamu maana naona tunarusha maneno.

Spinosamu na kotonii sio tofauti ya jina tu. Kotonii inatoa karajinani inayoganda ngumu, viwanda vinaitaka zaidi, ndo maana bei yake huwa kama mara mbili na kupita. Spinosamu inatoa ile laini. Kotonii yenyewe haivumilii sasa, joto likipanda inadhoofika, matawi yanageuka meupe kama barafu, yanakatika, yanakwenda na maji. Miaka ya mwanzo ya 2000 ilikufa vibaya sehemu nyingi.

Na kuna jambo ambalo watu wa ofisini hawalioni. Bamvua kwa ukanda wetu maji yanafika chini kabisa kama saa nne asubuhi, na kila siku yanachelewa kidogo, saa tano, saa sita. Yaani vile vidimbwi vinavyobaki na mwani vinakaa juani saa mbaya kuliko zote. Ingekuwa maji yanakupwa alfajiri na magharibi tungekuwa na hadithi nyingine.

Nyavu za mirija ni hivi: wavu umeshonwa kama soksi ndefu, unapitisha mbegu kwenye kipande cha bomba la plastiki, ukivuta bomba mbegu inabaki ndani, unafunga ncha zote mbili, unaning'iniza majini kwa nanga na maboya. Mawimbi hayakati mwani maana uko ndani ya soksi. Hakuna taitai. Na majaribio yalionyesha kotonii inakua tena. Kwa hiyo kisayansi jibu lipo, hilo halina ubishi.

#8 Mama Sabra
Mtafiti #7 umeeleza vizuri mwanangu ila mie nimezishika hizo nyavu kwa mikono yangu ngoja nikupe ya kwangu. Ulikuja mradi mmoja sitautaja, tukawekwa kikundi wanawake kumi na wanane, tukapewa nyavu, nanga, maboya na boti moja, boti nzuri ya rangi ya buluu ina mashine. Siku ya kupewa tulipiga picha mpaka tukachoka. Haya, boti nani anaiendesha? Hakuna mwanamke aliyefundishwa mashine, akatafutwa nahodha, mtoto wa jirani, akasema yeye analipwa kwa safari na mafuta mbali. Tukikubaliana saa mbili anakuja saa nne maana alikuwa na watalii wa pomboo. Sisi tumeacha watoto, tumeacha chungu jikoni, tumekaa mchangani kumi na wanane na soksi zetu tunamngoja kijana mmoja. Tukifika kule boti inabeba sita, kumi na mbili wamebaki. Mavuno ya kwanza mazuri wallahi, kotonii imenona, tukapiga hesabu tukatoa ya nahodha, ya mafuta, ya fundi wa mashine, tukagawana elfu nane nane. Kwa miezi miwili. Mie kwenye vijiti vyangu peke yangu napata zaidi ya hiyo na simngoji mtu.

Mashine ilipokufa mradi ulikuwa umeshaondoka. Nyavu ziko, mie ya kwangu nimezungushia banda la kuku, nzuri sana kwa kuku.

#9 ChapatiMbili
😂😂 Mama Sabra kuku wameingia kwenye uchumi wa buluu.

#10 BintiWaJambiani
Mama Sabra shikamoo. Aisee hiyo ya elfu nane imenichoma. Lakini bado narudi kwangu: mngekuwa mnajua kuogelea si mngeweka shamba la kati kati, kina cha shingo, mkaenda wenyewe bila boti?

#11 Mama Sabra
Marahaba. Kina cha shingo wakati gani? Bamvua au maji mafu? Asubuhi shingo saa nane mita tatu. Na mkondo je? Kuogelea na gunia la mwani mbichi mgongoni hata huyo bingwa wa Olimpiki hawezi.

#12 KaptenUpepo
Nimeona manahodha tunasagwa humu. Mimi naendesha boti Nungwi. Mafuta yanapanda kila siku, mashine ikigoma spea inaagizwa Dar, na mwani mbichi ni mzito kama zege, kilo saba au nane mbichi ndo upate moja kavu, nani atakubebea bure? Hata mimi nina watoto. Kosa ni la aliyewapa boti bila kuwafundisha kuiendesha. Unampa mtu gari unampa na dereva wa jirani?

#13 Kijana wa Mjini
Mimi nasema tu ukweli. Mambo ya boti na mashine na sayansi waachiwe wanaume, wanawake wabaki na kuanika na kupaki. Kila mtu na fani yake, si ndo ufanisi.

#14 Shangazi Ukerewe
#13 ulizaliwa na nani? Ukerewe nimeona wanawake wanamiliki mitumbwi na kuajiri wanaume wavue, pesa zinaishia kwao. Tatizo sio fani, tatizo nani jina lake liko kwenye karatasi ya boti.

#15 Mama Sabra
#13 njoo wewe na ufanisi wako ufunge kamba hamsini bamvua moja kisha tuongee.

#16 Kijana wa Mjini
Nimetoa maoni tu mbona povu.

#17 FundiSola
Nachepusha kidogo ila itarudi. Kinyasini hapo Unguja kuna chuo cha Barefoot kinafundisha wanawake wa vijijini, wengine hawajui kusoma, kuunganisha na kutengeneza taa za sola. Mwanzoni walikuwa wanapelekwa India, Tilonia, miezi kadhaa. Wanafundishwa kwa rangi za waya na kwa kushika, sio kwa vitabu. Nimefanya kazi na mmoja wao, mama mtu mzima, anashika ile pini ya kuchomelea lehemu kama anavyoshika sindano ya kushona kofia, mkono hautikisiki. Akirudi kijijini yeye ndo fundi, taa ikizima wanamfuata yeye na wanamlipa yeye.

Sasa linganisheni na boti ya Mama Sabra. Teknolojia iliyobaki ni ile ambayo ikiharibika mwenye nayo anajua kuifungua. Sio kuogelea, sio bei, ni UFUNDI.

#18 Mpemba Halisi
Taa haina mnunuzi wa nje anayepanga bei bwana. Usilinganishe.

#19 Mzee wa Bamvua
Hapo Mpemba kagusa penyewe. Vijana hamjui, zamani makampuni yalikuja na kamba na taitai, yanakupa bure, ila sharti mwani umuuzie yeye tu kwa bei yake. Mkulima hajawahi kuwa na sauti kwenye mizani. Hata sasa mnunuzi anakuja, anachukua, anasema una mchanga, una unyevu, anakata. Ukimpa mama Sabra kotonii tani kumi bado mizani iko kwa mwingine. Sasa kuna habari ya kiwanda kule Chamanangwe Pemba, tuone. Mwani ukisindikwa nyumbani hadithi itabadilika.

Na kwa #17, ufundi sikatai, lakini Mama Sabra hata angejua kufungua mashine, ile hesabu ya elfu nane ingekuwa elfu kumi na mbili. Bado kuku.

#20 Pwani Kusini
Wakenya tupo pia. Sisi huku Kibuyuni, Kwale, mwani ulianza baadae sana kuliko nyinyi na akina mama ndio wengi. Tulipata shida ya kuanika chini mchangani mwani unakuwa mchafu mnunuzi analalamika, tukaweka chanja za miti, mwani unapigwa upepo juu na chini, safi kabisa. Hiyo si teknolojia ya kuandikia kitabu, ni miti na nyavu kuukuu, lakini imeshika siku ya kwanza. Kwa nini chanja imekubalika na soksi za Mtafiti zimekuwa banda la kuku? Kwa sababu chanja haikuhitaji mtu wa kutubeba. Mama aliiona kwa mwenzake, jioni akajenga yake.

#21 BintiWaJambiani
Pwani Kusini ahsante, hii ya chanja sikuifikiria kama sayansi.

#22 Mtafiti Mbishi
Ni sayansi tena safi. Unyevu ukishuka mwani haufukuti ghalani, karajinani haiharibiki, na mchanga hauingii kwenye kilo.

Lakini msinisukume kwenye kona. Chanja haishushi joto la bahari. Mkibaki kina kifupi kotonii haitarudi, na spinosamu nayo imeanza kusumbua baadhi ya miezi, uchafu na majani mengine yanapanda juu yake. Kwamba mradi mmoja ulikosea boti haina maana kina kirefu ni makosa. Bagamoyo, Mlingotini, wamelima kwa kamba za kuelea.

#23 Mama Sabra
Mtafiti hakuna aliyesema ni makosa. Tunasema mlipanga na bahari mkasahau kupanga na sisi. Aliulizwa nani mwanzoni kwamba saa ngapi anapatikana? Mie ukiniambia twende kina kirefu saa kumi jioni wakati maji yamejaa na ndo boti inapita, hiyo ndo saa ya kupika, na nikirudi usiku mume atauliza nilikuwa wapi na nahodha.

#24 KaptenUpepo
Hahaha hilo la mwisho ni kweli tupu, nimeshafuatwa nyumbani mara mbili na sikufanya lolote.

#25 Shangazi Ukerewe
Kapten una historia wewe.

#26 Nassra_K
Nimesoma wote, niseme la kuogelea maana mmelipita haraka. Nungwi kulikuwa na mradi wa kufundisha wasichana kuogelea, wakashonewa nguo za kufunika mwili mzima ili wazee wasiwe na neno. Hicho ndo kilichofungua mlango, NGUO, sio mwalimu. Watu wanasema wanawake wa pwani wanaogopa maji, hatuogopi, tumelelewa ndani yake. Tunaogopa buibui ikilowa inakushika miguu, na macho ya watu. Jambiani pia wale akina mama wanaolima sponji baharini walifundishwa kuogelea kwanza, sasa wanahudumia shamba lao kwa barakoa za kuzamia. Kwa hiyo Binti hujakosea sana. Kuogelea ni sababu, ila nyuma yake kuna nguo na nyuma ya nguo kuna watu.

#27 BintiWaJambiani
Angalau mmoja kaniunga mkono nalala vizuri leo.

#28 ChapatiMbili
Na hiyo sponji ni ya kuogea ile ile? Kwa hiyo bahari nimeila na nimejisugulia. Halafu nasikia kuna sabuni ya mwani, mke wangu anaitaka, inapatikana wapi?

#29 Nassra_K
Kidoti wanatengeneza akina mama, wanasaga mwani unga wanachanganya na mafuta ya nazi na viungo, karafuu, mdalasini. Na sabuni kadhaa zinaingiza pesa kuliko gunia zima la mwani mkavu. Hapo hapahitaji boti wala kuogelea, hiyo nayo ifikirieni.

#30 Mpemba Halisi
Sabuni inanunuliwa na watalii. Corona ilipokuja watalii wakapotea mliuza kwa nani? Mwani mkavu angalau uliendelea kuondoka. Wanawake wote elfu na elfu wakitengeneza sabuni tutaogea mara ngapi kwa siku?

#31 Nassra_K
Wewe ungeanza na mara moja ingesaidia.

#32 Shangazi Ukerewe
😂😂😂 uzi umefika mahali pake.

#33 Mtafiti Mbishi
Kabla haujageuka wa kuchekana kabisa. BintiWaJambiani nakupa kazi. Nunua kipimajoto cha maji, cha kawaida tu, mfungie mama kwenye kamba. Kila akienda pwani asome, aandike na hali ya mwani. Bamvua nne tano utakuwa na picha ya shamba lake mwenyewe, lipi sehemu ya joto lipi lina mkondo wa baridi, labda ahamishe kamba hatua mia tu pasipo boti. Sisi tunapima sehemu chache, hatujui kila kijishimo.

#34 Mama Sabra
Hiyo sasa naielewa.

#35 BintiWaJambiani
Wakuu nimerudi, wiki tatu zimepita. Kipimajoto nimekipata Darajani, nikaenda nacho bamvua hii. Tumefika kwenye kamba za kwanza, mama kazamisha mguu kabla sijafungua hata boksi, kasema "hapa leo panaunguza, na pale kwenye mkondo wa chini ya mwamba pako sawa". Nikapima. Hapa 35, pale kwenye mkondo 31. Nikamwambia mama umejuaje, kanitazama kama vile nimemuuliza anajuaje chumvi imekolea. Nikamuuliza sasa kama unajua pale ni baridi kwa nini hulimi pale. Kasema pale ni pa Bi fulani toka 1992 na mwenyewe kashaacha kulima ila hajaruhusu mtu, na mwanawe ndo anapangisha maboya ya hoteli.

Hiyo sababu hakuna hata mmoja wenu aliyeitaja humu.

#36 Mzee wa Bamvua
Allah. Ardhi ya majini. Hiyo inataka uzi wake.

#37 Mtafiti Mbishi
Nyuzi nne tofauti kwa hatua mia? Nitumie hizo namba inbox tafadhali, na saa mliyopima.

#38 Mama Sabra
Muulize mama kama anauza hicho kipimo. Sisi tuko kumi na wanane tutachanga.

#39 BintiWaJambiani
Kasema hauzi, keshakitundika jikoni karibu na kinu. Ila kasema mje nae pwani bamvua ijayo, Jumatatu, maji yanakupwa saa nne na nusu, na mje na kandambili ngumu, miiba ya baharini mwaka huu imezidi.